Nadhiri ya Mzinga

Kufikia saa tatu asubuhi maua yote ya jana yalikuwa yamekwisha kufagiliwa, na Inspekta Zawiyah Mansor alitamani kumzaba mtu kibao.

“Kila asubuhi nafagia, dada,” alisema Saidin, mlinzi wa Ngome ya kale ya Penang, akiegemea ufagio wake. “Nisipofagia, wageni wanaoshuka melini wanalalamika kuna nyuki. Sasa nifanyeje?”

“Yalikuwa maua gani?”

“Maua tu.” Saidin alimtazama kwa huruma. “Wachina wanaleta ya manjano na udi. Watamil wanaleta mashada. Wamalay wanaleta huku wakiangalia nyuma, hawataki kuonekana. Wengine wanakuja wenyewe, wengine wanaburutwa na mama wakwe zao. Mimi sichagui.”

Kwa hilo la mama wakwe Zawiyah alimpa kisogo. Aliinama akachungulia mdomo wa Seri Rambai, mzinga wa vita wa kale, mkubwa kuliko yote iliyopangwa juu ya ukuta. Shaba yake ilikuwa imegeuka kijani, na mdomo wake ulielekea baharini, kule feri ya Penang ilikokuwa ikivuka kwenda bara. Miaka mingi sasa haukuwa umempiga adui yeyote. Kazi yake siku hizi ilikuwa kupokea maua ya wanawake wasiopata watoto, na watu wa mji huu, hata wale wanaocheka mambo hayo kwenye migahawa, walikuwa na shangazi au jirani aliyeweka ua humo akazaa.

Ndani ya mdomo palikuwa na petali moja iliyonyauka. Aliichukua kwa kibano, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, ingawa alijua haitamsaidia kitu.

Jana saa nne asubuhi mwanamke aliyevaa sare ya usafi na barakoa aliingia wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya mjini. Akatoka akisukuma kapu la nguo chafu. Ndani ya kapu alikuwamo mtoto wa kiume wa siku tano, mwana wa Ooi Siew Gaik, mshona mapazia, aliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Mtoto alikuwa na umanjano, na alikuwa amelazwa chini ya taa ya buluu ili damu yake isafike. Daktari hakuzunguka maneno. Mtoto akikaa nje ya taa siku nzima, manjano yatapanda kichwani, na yakifika huko hayarudi. Akilia, bado ana nguvu. Akianza kulala sana na kukataa kunyonya, kila saa ina hesabu yake.

“Mkimpata, mkuneni wayo,” daktari alimwambia Zawiyah. “Akilia, mshukuruni Mungu.”

Mkubwa wake, Mrakibu Hashim, alikuwa ametawanya askari thelathini darajani na kwenye feri. Zawiyah alimwomba watu wanne wa kulinda Ngome. Alipewa mmoja.

“Una mpaka saa sita,” Hashim alisema. “Baada ya hapo nakutaka darajani, sio kwenye maua.”

Huyo mmoja alikuwa Sajini Muniandy. Alipanda mteremko wa ukuta akihema, amevaa fulana ya mkata tiketi iliyombana tumboni.

“Afande, niulize kitu kabla sijaenda getini?”

“Uliza.”

“Mwizi gani anakuja mahali penye kamera mchana kweupe?”

Zawiyah alitoa simu yake akamwonyesha picha. Ilipigwa jana, chini ya godoro la kitanda cha taa: asumini saba zilizofungwa pamoja kwa uzi wa manjano.

“Hiyo nimeiona. Tulisema ni ya mgeni aliyekuja kumwona mzazi.”

“Mgeni haweki maua chini ya godoro. Na hii ni idadi ya mzinga, saba, kwa uzi wa manjano. Huyu mwanamke hadhani ameiba. Anadhani aliomba, akapewa, na akaacha kitu mahali alipochukua. Mwizi hatakuja hapa, Sajini. Atakuja mama. Aliyeweka nadhiri kwa mzinga anarudi kuiondoa kabla mtoto hajapewa jina.”

“Na jina ni siku ya saba.”

“Kesho.”

“Lakini anaweza kudanganya siku, Afande. Akasema mtoto kazaliwa jana.”

“Mtoto ana kitovu kilichoanza kukauka, na mguuni ana kitambulisho chenye tarehe. Nyumba yoyote ina mwanamke anayejua kuogesha mtoto mchanga, na huyo hadanganyiki. Lazima ahesabu siku zilezile tunazohesabu sisi. Kwa hiyo atakuja leo.”

Muniandy alikuna kidevu. “Mama yangu naye aliweka maua hapa, baada ya miaka tisa ya ndoa. Nikazaliwa mimi. Mpaka leo anasema mzinga ulimwelewa vibaya.”

“Nenda getini.”

“Naenda. Ila haya ya uzi na siku ya jina, hata mama yangu hakuyajua. Wewe umeyajulia wapi?”

“Kazini,” alisema Zawiyah, na huo ulikuwa uongo.

Alijibanza kwenye kivuli cha mnara wa taa, amevaa kofia pana ya mtalii, miwani na kamera shingoni. Alihesabu watu. Wageni kumi na wawili wa meli wakimfuata kiongozi mwenye kibendera. Wanandoa wawili wa Kichina wakipigana picha. Mtu mmoja wa makamo aliyelala kwenye benchi na gazeti usoni. Gazeti lilikuwa na picha ya kamera ya hospitali, na mwanamke mle ndani angeweza kuwa mwanamke yeyote duniani.

Saa nne kamili simu ilitetemeka. Alijua ni nani. Siew Gaik alipiga kila saa, kwa dakika ileile.

“Umempata?”

“Bado, dada. Tunamtafuta.”

“Saa nne ananyonya.” Sauti ya Siew Gaik ilikuwa kavu, imekwisha kulia yote. “Akiwa na njaa halii kama watoto wengine. Anaanza na kikohozi kidogo, halafu kilio kinapanda. Mwambie aliye naye asingoje kilio. Akikohoa tu, ampe.”

“Nitamwambia.”

Alikata simu akabaki ameishika. Nitamwambia nani, alijiuliza.

Saa nne na dakika ishirini redio ikakwaruza. “Afande, mwanamke yuko peke yake. Shungi la kijivu, miwani ya jua. Kakumbatia kifurushi cha batiki na anaangalia nyuma kila hatua. Nimemsemesha, hakunijibu.”

“Mwache apande. Funga geti.”

Mwanamke alipanda mteremko kama anayekanyaga miiba. Kifurushi alikibana kifuani, mkono mmoja chini, mkono mwingine ukikipapasa juu. Alipofika kwenye mzinga alisimama, akatazama kulia na kushoto, akaanza kukiinamisha kifurushi kuelekea kwenye mdomo wa shaba.

Zawiyah alikuwa nyuma yake kwa hatua nne. “Dada, usimwangushe. Mimi ni polisi. Nipe taratibu.”

Mwanamke aliruka nusura aanguke. Zawiyah alikidaka kifurushi, na mara hiyohiyo mikono yake ikajua. Kilikuwa chepesi mno. Alikifungua. Ndani mlikuwa na asumini zilizofungwa uzi, na nguo nne za mtoto mchanga, mpya, zenye karatasi za dukani bado.

“Nilinunua mwaka juzi,” mwanamke alisema. “Niliambiwa nizipitishe mdomoni mwa mzinga. Afande, mimi ni mwalimu wa hesabu. Nawafundisha watoto wa watu kwamba kila kitu kina kanuni. Tafadhali usiandike jina langu.”

“Sitaandika.”

“Wakijua shuleni...”

“Hakuna atakayejua, mwalimu. Nisamehe.” Zawiyah alizikunja zile nguo upya, moja moja. Aliona aibu hata masikio yakawaka, na chini ya aibu kulikuwa na hesabu ya dakika alizopoteza.

Redio tena. “Afande, naweza kufungua geti? Kuna familia inangoja.”

“Familia gani?”

“Bibi mmoja mnene na mkwewe. Wana sufuria la wali wa manjano, wanagawa kwa kila mtu. Nimepewa sahani.”

“Kuna mtoto?”

“Hakuna mtoto. Huyo mkwe kabeba sufuria peke yake, kichwa juu, na ni zito kweli, nimelinyanyua mimi nikaguna. Bibi kajitanda shuka kubwa, anatembea kwa kuyumba.”

“Wapitishe. Wewe tafuta mwanamke aliye peke yake.”

“Nakula huku natafuta.”

Walipanda. Bibi alikuwa wa miaka sitini na ushei, uso mviringo unaong'aa jasho na furaha, na kabla hata hajavuta pumzi alikuwa ameshamsalimu Saidin, wageni wa meli na mtu wa gazeti. Mkwe wake, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, alilitua sufuria kwenye mawe, akatandika mkeka kwa mikupuo miwili, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena kupakua.

“Karibuni, karibuni. Mimi Kalthum, nimetoka Balik Pulau,” bibi alisema, akimpa Zawiyah sahani ya karatasi. Wali wa mchele wa kunata ulikuwa umekolea manjano, na kipande cha kuku juu yake. “Kula, mwanangu. Na wewe hapo mwenye kifurushi, njoo. Usiogope, najua umekuja kufanya nini. Wote tumekuja hicho hicho.”

Mwalimu alipokea, akiinamisha uso.

“Una watoto wangapi wewe?” Bi Kalthum alimuuliza Zawiyah.

“Sina, Mama.”

“Basi kula mara mbili.”

Zawiyah alitia tonge mdomoni kwa adabu, macho yakiwa kwenye geti. Akili yake ilikuwa inatafuta mwanamke wa peke yake mwenye woga. Nyuma yake alisikia vipande vya barafu vikigongana.

“Barafu, Suhaila!” Bi Kalthum alifoka. “Umenunua wapi hiyo? Mtu anajifungua, siku sita tu, anakunywa maji ya nazi ya barafu juani! Nimekukanda kwa mawe ya moto, nimekufunga tumbo, nimekupikia tangawizi mpaka nyumba inanuka, wewe unaleta barafu. Unataka nikuzike kabla ya arobaini?”

Zawiyah aliweka sahani chini.

Aligeuka polepole, kama mtu anayegeuka kutazama mandhari. Siku sita. Suhaila alikuwa ameketi kwenye ukingo wa ukuta, kikombe mkononi. Mzazi wa siku sita hapandi mteremko na sufuria ambalo sajini mzima ameguna kulinyanyua. Hachuchumai na kuinuka tena na tena bila kushika kiuno. Na mwanamke aliyekulia katika nyumba za kisiwa hiki, hata awe mkaidi namna gani, haweki barafu mdomoni siku hizo. Angeogopa. Mwili wa Suhaila haukuwa na la kuogopa, ukamsahaulisha.

“Hongera, Mama,” Zawiyah alisema. Sauti yake ilitoka sawa, akashukuru. “Kumbe kuna mjukuu. Yuko wapi?”

“Si huyu hapa.”

Bi Kalthum alifunua shuka. Hakuwa mnene hata kidogo. Kifuani pake, ndani ya mbeleko, alilala mtoto mchanga aliyefichwa asionwe na watu tangu getini, na hakuwa ametoa sauti hata moja.

“Miaka minane nimemleta huyu mkwe wangu hapa,” Bi Kalthum alisema. “Yeye alikuwa anaona haya, anatazama bahari, mimi ndiye niliyekuwa naomba. Nikamwambia mzinga, ukinipa mjukuu nitakuja mwenyewe, na wali, kabla hajapata jina. Suhaila alitaka tusije. Anasema jua kali. Nadhiri ni nadhiri, mwanangu. Siku tano kalazwa hospitali wananikatalia hata kumwona, eti wodi ina maambukizi, mpaka jana nimemkuta nyumbani na mtoto mkononi. Sasa tazama rangi hiyo. Katika ukoo wetu hajapata kuzaliwa mtoto wa rangi hiyo. Dhahabu tupu.”

Uso wa mtoto ulikuwa wa manjano hadi shingoni. Weupe wa jicho, uliochungulia chini ya kope lililofunguka nusu, nao ulikuwa wa manjano. Kando yake kulikuwa na sahani ya wali, rangi ileile.

“Analala vizuri?” Zawiyah aliuliza.

“Mpole ajabu. Tangu alfajiri hajalia. Hata chupa haitaki.”

Saa tano kasoro dakika sita. Zawiyah alipima nafasi. Bi Kalthum alikuwa hatua moja kutoka ukingoni, Suhaila hatua mbili kutoka kwa Bi Kalthum. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na shimo la handaki kavu, mawe chini. Muniandy alikuwa getini na sahani yake. Akitamka neno polisi, Suhaila angefika kwa mtoto kabla yake. Na Suhaila sasa alikuwa ameweka kikombe chini na anamtazama. Alikuwa ameiona kamera ambayo haijapiga picha hata moja, na redio iliyotuna chini ya shati.

Zawiyah alivua kofia na miwani.

“Mama,” alisema, “mimi pia niliwahi kuletwa hapa. Miaka kumi na moja iliyopita, na mama mkwe wangu. Asumini saba, uzi wa manjano. Aliniambia nikijaliwa nirudi kabla ya jina. Sikujaliwa. Mume wangu akaozwa mwingine.” Hakuwa amewahi kumwambia mtu hayo, wala mwenzake wa kazini, wala dada yake. Yalikuwa ya kweli, na ilimuuma kuyatumia kama chambo. “Naomba nimpakate kidogo. Labda baraka itanigusa na mimi.”

Macho ya Bi Kalthum yalijaa machozi papo hapo. “Masikini mwanangu.”

“Mama, usimpe,” Suhaila alisema.

“Kwa nini?”

“Atamtia jicho.”

“Ah, Suhaila! Wewe ndiye uliyelia kwenye godoro miaka minane, leo umepata umekuwa mchoyo?” Bi Kalthum alikuwa ameshaanza kulegeza fundo la mbeleko. “Mpokee, mwanangu. Shika shingo.”

Zawiyah alimpokea. Alikuwa mlegevu, kichwa kikilalia upande wowote anaoelekezwa, na joto lake lilikuwa dogo mno kwa jua lile. Alirudi nyuma hatua moja, mbili, tano, mpaka akasikia mteremko chini ya viatu. Ndipo alipobonyeza redio.

“Muniandy. Gari, mlangoni. Sasa hivi. Piga hospitali waandae taa.”

Suhaila hakukimbia. Aliinuka, akautazama ukingo wa ukuta, akamtazama mama mkwe wake, akaketi chini kwenye mawe.

“Mwalimu!” Zawiyah aliita. “Mshike huyo. Usimwache asogee ukutani. Saidin, simama upande wa pili.”

Mwalimu wa hesabu aliachia kifurushi chake, nguo zikamwagika kwenye mawe, akaenda kumkumbatia Suhaila kwa mikono yote miwili.

“Niliwaachia maua,” Suhaila alisema, akimwambia mwalimu, akiwaambia wote. “Sikuchukua bure. Niliwaachia maua.”

Bi Kalthum alikuwa bado amesimama na mbeleko tupu, akitabasamu tabasamu la mtu asiyeelewa mzaha. “Mbona unaenda naye, mwanangu?” aliuliza. “Baraka umeshapata. Mrudishe sasa.”

“Mama, hii si dhahabu. Ni ugonjwa. Muulize Suhaila amempata wapi.”

Hakungoja kuona uso wa Bi Kalthum ukibadilika. Alishuka mteremko mbio, akapita katikati ya wageni wa meli, akapita geti ambalo Muniandy alikuwa ameliacha wazi na sahani yake ya wali juu ya kiti. Gari lilikuwa linaunguruma. Aliingia nyuma, mlango ukafungwa, king'ora kikaanza.

“Yu hai, Afande?” Muniandy aliuliza, akiwatazama kwenye kioo.

“Endesha.”

Alivua soksi ya mtoto. Kwenye kifundo cha mguu kulikuwa na alama nyekundu mahali kitambulisho kilipokatwa. Alikuna wayo kwa ukucha. Hakuna kitu. Walipita bustani ya ufukweni, wauza saladi ya pasembur wakihama njiani. Alikuna tena, kwa nguvu zaidi. Kidole kimoja cha mguu kilikunjika, kikatulia.

“Nimeona bibi mnene,” Muniandy alikuwa anajisemea, mikono ikikaba usukani. “Nimeona bibi mnene, nikala wali wake. Mungu wangu.”

“Endesha, Sajini.”

Simu ilitetemeka. Saa tano kamili. Zawiyah aliipokea kwa kidole gumba, akaiacha kwenye paja lake, sauti ikiwa wazi.

“Umempata?”

Hakutaka kutoa jibu ambalo huenda angelazimika kulikana. Alikuna wayo mara ya tatu, akibonyeza mpaka ngozi ikaacha mfuo. Mtoto alikunja uso. Kikatoka kikohozi kidogo, kikavu. Kimya. Kikohozi kingine. Halafu kilio chembamba kikaanza kupanda, kikapanda, kikajaa garini hata king'ora kikasikika kwa mbali.

Kisha Siew Gaik alisema, taratibu, kama anayemfundisha mtu kazi:

“Huyo ana njaa. Mlete.”